Hezekia Hajawahi Kushindwa

Pale Mikumi, kwenye kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara ya Iringa, alikuwapo mtu ambaye hajawahi kushindwa drafti. Msidhani alikuwa akishinda. Hezekia alifungwa asubuhi, akafungwa mchana, na jioni madereva walipomaliza kula nyama yao walipita kumfunga mara moja kabla ya kupanda magari. Lakini kushindwa, hapana. Kushindwa ni neno, na neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake tangu alipohama Kidete akiwa kijana na kuja kutafuta maisha kwenye matairi ya watu.

Akifungwa mara ya kwanza, alisema ameteleza. Akifungwa tena, alisema bado anamsoma mpinzani. Akifungwa mpaka mbele yake pasibaki kisoda hata kimoja, kile kizibo cha soda walichokifanya kete, alijinyoosha mgongo, akakunja uso na kulalamika kwamba jua limempiga machoni. Siku moja alisema hivyo mvua ikinyesha.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, Mzee Hezekia," alimtania Ashrafu, muuza kahawa wa pale kijiweni.

"Methali hiyo kaitunga nani?" Hezekia alimuuliza, kidole juu. "Kaitunga mshindi! Umewahi kumsikia aliyefungwa akiitamka? Mtu ameshachukua mbuzi wako, sasa anataka umshikie na kamba, umsindikize mpaka kwake."

Watu walicheka, na yeye aliendelea, maana akianza habari hizo hakuwa na breki. Alisema ushindi una aina zake: upo wa kishindo, upo wa chupuchupu, upo hata wa mezani, ambao mtu anaupata akiwa amekaa kwa sababu mwenzake hakutokea uwanjani. Lakini kushindwa hakuna aina. Hakuna anayeshindwa kwa adabu wala anayeshindwa kidogo. Ukishalitamka neno, umekwisha kama aliyekufa, na hakuna maiti anayeulizwa alikufa vizuri au vibaya. "Ndiyo maana mimi silitamki," alimaliza, kisha akapanga visoda vyake upya, afungwe tena.

Ukweli ni kwamba watu walimpenda kwa ajili hiyo hiyo. Kumfunga Hezekia hakukuwa na utamu. Utamu ulikuwa kumsikiliza baada ya kumfunga.

Kilichokuja kumponza ni dereva mmoja wa Kidodi, mtu mnene mpole aitwaye Ditram, anayeendesha lori la miwa. Ditram alikuja Mikumi na tairi bovu, na wakati linazibwa na fundi mwenzake na Hezekia, yeye na Hezekia wakakaa kwenye ubao wa drafti. Huyu hakuwa mchezaji wa kawaida. Alicheza bila maneno, akila kete kama mtu anayechambua mchele, mpaka Hezekia akaanza kuona visoda vyake vyote viko upande wa pili wa ubao. Mchezo wa mwisho ulifika mahali ambapo Hezekia alibakiwa na kete moja, tena imebanwa pembeni. Hapo ndipo tairi likawa tayari. Ditram alitazama ubao, akatabasamu, akasema, "Tuishie hapo, mzee mwenzangu, nawahi foleni ya miwa," akaondoka zake.

Lori halijapinda kona, Hezekia alisimama juu ya benchi.

"Mmemwona? Kaingia mitini! Kaacha mchezo! Huo ni ushindi wa mezani, andikeni!"

Kama angeishia hapo, yangekwisha kwa kicheko. Lakini ushindi wa mezani ni kama chachu, ukiuacha unaumuka wenyewe. Kesho yake Hezekia alisema dereva wa miwa alitoka jasho. Wiki iliyofuata alisema alimnyoa bila maji. Mwezi ulipokwisha, Ditram alikuwa ameona cha mtema kuni, amepiga magoti na kuomba asitangazwe. Na habari za kijiwe cha barabarani hazitembei kwa miguu, zinapanda lori. Zilipanda, zikashuka Kidodi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Hezekia alikuwa na dada mmoja, Naomi, na Naomi alikuwa na mtoto mmoja, Elia. Baba yake Elia alifariki mtoto akiwa hajaanza shule, na huku kwetu, kwa Wakaguru hata kwa Wavidunda, mtoto ni wa ujombani. Hezekia ndiye aliyemnunulia sare za shule, ndiye aliyempeleka kujifunza uashi, ndiye aliyempiga fimbo na ndiye aliyemficha asipigwe na mama yake. Elia alikua kijana mkimya, mwenye mikono mikubwa iliyojaa saruji, na katika maisha yake yote hakuwahi kuomba kitu. Hata viatu vikimbana alinyamaza mpaka mtu aone anavyochechemea.

Kwa hiyo alipokuja kibandani siku moja na kusema, "Shikamoo mjomba. Nimepata mchumba, naomba unipeleke kwao," Hezekia aliliacha tairi alilokuwa akiliziba. Aliitikia marahaba, akajifanya anatafuta gundi ya pancha.

Mchumba aliitwa Happyness, fundi cherehani, wa Kidodi. Taratibu zote zilishakwenda vizuri: wazazi walikubali, zawadi zilipokelewa. Lililobaki lilikuwa neno la mjomba wa binti, na bila neno hilo wazazi wanaweza kukubali mpaka wachoke, ndoa haipo. Neno hilo huombwa na mjomba wa kijana, ana kwa ana.

"Mjomba wake ni nani?" Hezekia alimuuliza dada yake.

"Wanamwita Baba Imani. Wanasema ni mtu mtaratibu sana."

"Basi niachieni mimi. Watu wataratibu ndio ninaowaweza."

Jumamosi walishuka Kidodi, Hezekia ndani ya koti lake la harusi za watu, Naomi na kitenge kipya, Elia shati limenyooka kama karatasi. Walipokelewa, wakakaribishwa sebuleni, wakapewa maji. Bibi wa binti, Bibi Generoza, alikaa kwenye kiti chake cha kamba akiwakagua mmoja mmoja, nao wakamwamkia. Ndipo pazia likafunguka, mjomba wa binti akaingia, mnene, mpole, akipangusa mikono.

Alikuwa Ditram.

Hezekia aliangalia mlango. Mlango ulikuwa mbali, na kati yake na mlango amekaa dada yake. Alimwangalia Ditram, naye Ditram alimwangalia, kisha uso wa yule dereva ukatanuka taratibu kwa furaha kubwa.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Karibu sana, mzee mwenzangu. Karibu nyumbani kwa mtu aliyenyolewa bila maji."

Naomi, asiyejua lolote, akashukuru kwa makaribisho.

Hezekia alikohoa. Alianza hotuba aliyoifanyia mazoezi njia nzima, ile ya jogoo aliyepotea na wao wamesikia sauti yake katika boma hili. Ditram aliinua kiganja.

"Jogoo wako nimemwona, yule pale kakaa na shati jeupe. Mimi sina ubaya na kijana. Lakini kabla sijatoa neno langu, nataka kusikia neno moja kutoka kwako. Siku ile Mikumi, kati yangu na wewe, ilikuwaje? Sema tu ilivyokuwa, mama yangu asikie. Maana jirani zake wanamuuliza kama ni kweli mwanawe alipiga magoti."

Sebule nzima ilimgeukia Hezekia.

"Siku ile," Hezekia alisema, "siku ile nilizidiwa kidogo."

"Anayezidiwa ni mgonjwa," alisema Bibi Generoza. "Ulikuwa unaumwa?"

"Hapana, mama. Nina maana niliteleza. Na kuteleza si kuanguka."

"Anayeteleza huinuka akajikung'uta. Wewe ulikuwa umeinuka?"

"Mchezo ulikuwa haujakwisha, mama."

"Ulibakiwa na kete ngapi?"

Hezekia alitazama dari. "Moja."

"Kete moja si mchezo, mwanangu. Kete moja ni msiba."

Watu waliokuwa wakichungulia dirishani walicheka, na mmoja akaomba radhi. Hezekia alijifuta jasho. Akasema mwenzake alikuwa na bahati. Akasema labda tuseme Ditram alitangulia, naye alikuwa akija nyuma. Akasema maji hufuata mkondo. Kila msemo aliotoa, bibi aliupokea, akaugeuza, akauona mtupu na kuurudisha, mpaka mtu yule aliyekuwa na akiba ya misemo kuliko mhubiri akajikuta hana kitu mfukoni.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema Bibi Generoza.

"Mama, methali hiyo aliitunga..." Hezekia alianza, na Naomi akamkanyaga mguu kwa kisigino.

Ditram alicheka, cheko la mtu asiye na haraka. "Mama, tusimtese mgeni. Leteni ubao. Tucheze mmoja tu, mbele ya watu wote. Atakayefungwa atalisema neno lenyewe, bila kuteleza wala jua la machoni. Kisha mimi nitatoa neno langu."

Ubao uliletwa. Wakati visoda vinapangwa, Naomi alimwinamia kaka yake na kumnong'oneza, "Kaka, nakujua wewe. Lakini sikiliza. Ukimfunga mtu nyumbani kwake, mbele ya mama yake, akalazimika kuinamisha kichwa, utaondoka hapa na mke wa Elia au utaondoka na visoda?"

"Usiwe na wasiwasi," Hezekia alimjibu kwa uchungu. "Lini umesikia nimemfunga mtu?"

Alisema hivyo akiamini. Akasukuma kete ya kwanza bila hata kufikiri, maana fikra zake zote zilikuwa kwa Elia. Na hapo likatokea jambo ambalo madereva wa Mikumi wangelipa nauli kuja kuliona: Hezekia alicheza vizuri. Siku zote alicheza akiwa anatunga kichwani atakachosema akifungwa, ndiyo maana alifungwa. Leo hakutunga chochote. Alisukuma, akala, akalinda, akasogea. Ditram, aliyeanza akitabasamu, aliacha kutabasamu, akavuta kiti karibu. Bibi Generoza alisimama, akaweka mkono begani mwa mwanawe.

Kisha Hezekia akaona.

Kete yake ya pembeni. Akiisukuma mbele itakuwa sadaka, na Ditram atalazimika kuila, maana sheria ya drafti haina huruma: ukiona cha kula, lazima ule. Na akishaila, njia ya katikati inabaki wazi. Hezekia atakula ya kwanza, ataruka ale ya pili, ataruka ale ya tatu, na kutua mstari wa mwisho awe kingi. Hakuna atakayeweza kumzuia. Hapa si kuteleza wala kutangulia, na hakuna meza. Huu ulikuwa ushindi wa kishindo, mwenyewe, mzima, juu ya mchezaji bora wa bonde zima, na yeye aliuona kabla ya mwingine yeyote.

Mkono wake ulikwenda wenyewe, kidole kikagusa kile kisoda.

Aliinua macho. Hakutaka kuyainua, lakini aliyainua. Pazia la jikoni lilikuwa limesogezwa kidogo, na jicho la binti likionekana. Elia alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono yake mikubwa imebanwa kati ya magoti, akimwangalia mjomba wake kama alivyokuwa akimwangalia utotoni viatu vinapombana: haombi kitu, anangoja tu kuonekana. Na Bibi Generoza, mkono bado begani mwa mwanawe, alikuwa ameanza kuuminya.

Hezekia aliipenda drafti. Lakini mtoto yule alimpenda zaidi, na ilimkera sana kugundua hivyo wakati ule.

Aliondoa kidole. Akashika kete nyingine, ya katikati, isiyo na maana yoyote, akaisukuma. Ilikuwa kama kumkabidhi mtu mwingine mtoto wako wa pekee uliyemsubiri miaka yote. Ditram alisita. Alitazama ubao muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akala. Akala tena. Baada ya hapo mambo yalikwenda kama Mikumi, na mbele ya Hezekia hapakubaki kisoda.

"Haya," alisema Bibi Generoza. "Tunasikiliza."

Hezekia alisimama, kwa sababu alihisi neno kama lile halitoki mtu akiwa amekaa. Alishika kola ya koti.

"Nimesh..." akasema. Watu wakasogea. "Nimesh... nimeshukuru sana kwa makaribisho."

"Neno, mwanangu."

Uso ulimvimba kama tairi linalojazwa upepo kupita kiasi. Naomi baadaye alisema aliogopa kaka yake atapasuka pale sebuleni.

"Nimeshindwa," alisema Hezekia.

Lilitoka dogo kuliko alivyotarajia. Dari haikudondoka. Bibi alipiga kigelegele, wanawake wa jikoni wakakipokea, na nje watoto wakaanza kuruka bila kujua kwa nini. Ditram peke yake hakushangilia. Alikuwa ameinamia ubao, akifuatisha kitu kwa kidole, pembeni, kisha katikati, kisha mstari wa mwisho. Kidole kilisimama hapo. Alipoinua kichwa alikuwa amebadilika rangi, lakini alisimama kama mtu mzima na kutoa neno lake: kijana amepokelewa, binti ni wao, na Mungu abariki. Elia aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye lile shati lililonyooka, na hakuna aliyemcheka.

Walikula wali na kuku wa kienyeji. Hezekia alikula kidogo. Jioni Ditram aliwasindikiza barabarani kungoja gari, malori ya miwa yakipita na kuangusha vipande ambavyo watoto waliviokota. Naomi na Elia walitangulia. Ditram alipunguza mwendo, Hezekia naye akapunguza.

"Mzee mwenzangu," Ditram alisema, "ile kete yako ya pembeni."

"Kete ipi?"

"Unaijua. Ungeisukuma ningeila, nawe ungenila tatu na kupata kingi. Niliiona ulipokwisha kucheza ile nyingine. Mpaka sasa nasikia baridi." Alisimama. "Ulinishinda pale."

Hezekia naye alisimama. Maneno hayo ndiyo aliyoyangoja maisha yake yote, na sasa yametamkwa, tena na bingwa mwenyewe, bila kulazimishwa. Alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa tu. Lakini alimwangalia mtu yule na kuelewa kwamba akiitikia, Ditram atakuwa amemtoa mpwa wake kwa mtu aliyemhurumia, na mtu wa namna hiyo hatapata usingizi, na kila akimwona Elia mezani kwake atakumbuka. Hezekia alijua, kwa sababu yeye mwenyewe asingelala.

"Sikuiona," alisema.

"Uliiona. Kidole kilikwenda pale kikarudi."

"Kidole changu kina ganzi. Kazi ya matairi."

"Bwana Hezekia, ulishinda."

"Nilishindwa! Nimelitamka mbele ya mama yako, umesikia, na dirishani walisikia!"

"Basi tuseme tulitoka sare."

"Sare ya nini?" Hezekia alipaza sauti, hata Naomi akageuka kule mbele. "Visoda viliisha mbele yangu au mbele yako? Umenifunga mchana kweupe, nyumbani kwako, kila mtu ameona. Kwa nini unakuwa mgumu hivi? Kubali kushinda, bwana!"

Gari la Mikumi lilitokea kwa mbali, likipiga honi. Ditram alitazama chini, kwenye vumbi, akitafuta njia ya kutokea na asiione. Alihema.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliye mbele ya padri. "Nimeshinda."

"Hongera," alisema Hezekia, akampa mkono.